Twiga Hana Mioyo Miwili

Hotuba kwa waongoza watalii, Arusha

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu katika kazi hii, vijana mliojiunga mwaka huu, itifaki imezingatiwa. Asanteni kwa kunikaribisha. Niliombwa nizungumzie afya ya wanyamapori. Mada hiyo ni pana, ingetukalisha hapa mpaka usiku, kwa hiyo nimeomba ruhusa niibane. Nitazungumzia damu: inavyotoka moyoni na inavyorudi katika mwili wa mamalia. Na mfano wangu mkubwa atakuwa mnyama ambaye ninyi mnamsimulia karibu kila siku mkiwa kazini, yaani twiga.

Sababu ya kumchagua ni kwamba nimepanda magari yenu. Nimekaa kiti cha nyuma nikamsikia mgeni akiuliza, "Mbona hapati kizunguzungu akiinua kichwa?" Na majibu nimeyasikia. Moja lilikuwa kwamba twiga ana mioyo miwili, mmoja kifuani, mwingine shingoni. Jingine, kwamba moyo wake ni mkubwa kupita wa mnyama yeyote wa kimo chake. La tatu, ambalo angalau lina chembe ya ukweli, ni kwamba chini ya ubongo ana sponji inayonyonya damu. Mgeni anaandika yote kwenye daftari, anarudi kwao, anamsimulia binti yake ambaye ni daktari. Yanayofuata mnayajua, hasa yakiandikwa mtandaoni chini ya jina la kampuni yako.

Jibu ninalotaka muondoke nalo ni refu kidogo kuliko hayo matatu. Twiga hana kifaa kimoja cha ajabu. Ana presha ya damu ambayo ingekuwa ugonjwa mkubwa kwa mimi na wewe, na mwili wake wote, kuanzia ukuta wa moyo mpaka ngozi ya miguu, umejengwa kuishi na presha hiyo. Na kila alichojengewa kina gharama yake.

Tuanze na ng'ombe, maana naona Wamasai ni wengi humu ndani, na sitaki kuwafundisha wenye mali mambo ya mali yao. Mkitaka damu ya ng'ombe bila kumchinja, mnamfunga ukanda wa ngozi shingoni na kuubana. Mshipa mkubwa ulio ubavuni mwa shingo unavimba. Unavimba upande upi wa ukanda? Upande wa kichwa. Mpigaji anasogea karibu kabisa. Mshale wake umezungushiwa kizuizi karibu na ncha, usizame zaidi ya inavyotakiwa. Anapiga, damu inaruka, kibuyu kinakinga. Ikishatosha, ukanda unalegezwa, na damu inakatika karibu yenyewe. Kidonda kinazibwa kwa tope au samadi kidogo, ng'ombe anarudi malishoni.

Nusu ya somo langu iko hapo. Mshipa ule ni vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni. Damu iliyokuwa ikishuka kutoka kichwani imekuta njia imefungwa, ndiyo maana mshipa umejaa upande wa kichwa. Ateri, mishipa inayotoka moyoni kupeleka damu kichwani, zimelala ndani zaidi, chini ya misuli. Kuta zake ni nene na presha yake ni kubwa, kwa hiyo ukanda haukuzifunga. Damu inaendelea kupanda, kushuka haiwezi. Ukanda ukilegea, presha ndani ya vena inaanguka ghafla na tope linatosha kuziba. Mshale ungefika kwenye ateri, damu ingeruka kwa mapigo, ikifuata moyo, na hakuna tope la kuizuia. Anayetengeneza kile kizuizi cha mshale anajua ateri ilipo, hata kama hajawahi kuingia darasani.

Mwaka 1628 daktari Mwingereza, William Harvey, alichapisha hoja yake kubwa kuhusu mzunguko wa damu. Mojawapo ya ushahidi wake ulikuwa huo huo wa ukanda, ila yeye aliufunga kwenye mkono wa mtu, akaonyesha vena zinavyovimba na vali zilizo ndani yake zinavyokataa damu irudi ilikotoka. Kabla yake, kwa zaidi ya miaka 1,000, madaktari wa Ulaya walimfuata Galen, tabibu wa enzi za Warumi, aliyefundisha kwamba ini hutengeneza damu kutokana na chakula, na viungo vya mwili huitumia mpaka ikaisha. Harvey akapiga hesabu. Alikadiria moyo unasukuma kiasi gani kwa kila pigo, akazidisha kwa mapigo ya nusu saa, akapata damu nyingi kuliko iliyomo mwilini mwote. Chakula gani kitatengeneza damu yote hiyo kila nusu saa? Lazima ni ile ile inayozunguka. Leo tunajua kwamba mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi, na moyo wake akiwa amepumzika unasukuma karibu lita 5 kwa dakika. Damu yako yote imeshapita moyoni mara kadhaa tangu nianze kusema.

Na kwa haki, tumtaje Ibn al-Nafis, tabibu aliyefanya kazi Cairo katika karne ya 13. Aliandika, karne kadhaa kabla ya Harvey, kwamba damu haiwezi kupenya ukuta wa katikati ya moyo, bali hutoka upande wa kulia, hupita mapafuni, ndipo huingia upande wa kushoto. Kilichobaki gizani kwa wote wawili ni jinsi damu inavyovuka kutoka ateri kwenda vena. Hilo alilionyesha Marcello Malpighi wa Italia mwaka 1661, kwa hadubini, kwenye mapafu ya chura: vimishipa vyembamba mno, kapilari. Harvey alikuwa amefariki miaka minne kabla.

Sasa nirudi kwenye mioyo miwili. Moyo wa mamalia una vyumba vinne, na ukweli ni pampu mbili zilizoshikamana. Upande wa kulia hupokea damu iliyotumika na kuipeleka mapafuni. Safari hiyo ni fupi, na presha yake ni ndogo, kwa sababu kapilari za mapafu ni laini na zingevuja. Upande wa kushoto hupokea damu iliyochukua oksijeni na kuisukuma mwili mzima, ndiyo maana ukuta wake ni mnene zaidi. Kwa hiyo mtu akisema twiga ana mioyo miwili kwa maana hiyo, sina ugomvi naye, ila akubali kwamba panya naye anayo miwili, na mbuzi aliyeliwa jana pale nyama choma alikuwa nayo.

Damu yenyewe nitaipitia haraka. Zaidi ya nusu yake ni plazma, majimaji yanayobeba chakula, homoni, chumvi na taka. Ndani yake zinaelea chembe nyeupe za ulinzi, chembe sahani za kugandisha damu, na chembe nyekundu, ambazo ndizo nyingi kabisa. Chembe nyekundu hubeba himoglobini, protini yenye madini ya chuma inayoshika oksijeni mapafuni na kuiachia kwenye misuli. Mamalia wana jambo lao hapa: chembe zetu nyekundu zikikomaa hazina kiini. Za ndege zinacho, za mjusi zinacho, za samaki zinacho. Sisi tumekitoa, nafasi ikajazwa himoglobini. Gharama yake ni kwamba chembe haiwezi kujikarabati. Ya binadamu huishi siku 120 hivi, kisha bandama na ini huivunja, na chuma chake hurudishwa kwenye uboho kutengenezea nyingine. Za twiga ni ndogo kuliko zetu, na katika tone moja zimo nyingi zaidi.

Hayo yanatosha. Twende kwenye presha, maana hapo ndipo mgeni wenu anapouliza.

Mchungaji mmoja wa Uingereza, Stephen Hales, aliyependa majaribio pengine kuliko mahubiri, alichapisha mwaka 1733 habari za farasi jike aliyemlaza na kumfunga. Alimtia bomba la shaba kwenye ateri ya paja, akaliunganisha na bomba refu la kioo lililosimama wima. Damu ikapanda kwenye kioo mpaka mita 2.5 hivi juu ya usawa wa moyo, ikawa inapanda na kushuka kwa kila pigo. Lilikuwa jaribio la kikatili, sitalipamba. Lakini lilituachia njia ya kuielewa presha bila mashine: ni kimo ambacho moyo unaweza kuipandisha damu. Daktari akikuambia presha yako ni 120 kwa 80, ile 120 ni milimita za zebaki, na zebaki ni nzito. Ingekuwa damu, ingepanda mita moja na nusu na kidogo.

Mpigie hesabu twiga. Kutoka moyoni mpaka kwenye ubongo, twiga mkubwa ana karibu mita mbili. Kila mita moja ya kupanda inakula milimita 75 hivi za zebaki. Mita mbili zimekula 150, na hapo damu ndiyo kwanza imefika. Bado inahitaji nguvu ya kupenya kwenye kapilari za ubongo. Mtu mwenye 120 yake angeishiwa njiani. Ndiyo maana presha ya twiga kwenye usawa wa moyo ni zaidi ya 200, karibu mara mbili ya mamalia wengi. Ikifika kichwani imeshapungua, inakaribia ile ya kawaida kwa ubongo wa mnyama yeyote. Ubongo wa twiga haujui kwamba uko ghorofani.

Je, moyo wa kufanya kazi hiyo ni mkubwa? Vitabu vya zamani vilizoea kutaja kilo 11, na wengi wenu mmeikariri. Graham Mitchell na John Skinner walipima mioyo ya twiga kusini mwa Afrika, na mwaka 2009 wakachapisha kwamba ni karibu nusu asilimia ya uzito wa mwili, uwiano ule ule wa mamalia wengine. Dume wa kilo 1,000, moyo wake ni kilo 5 hivi. Tofauti iko kwenye umbo. Ukuta wa chumba cha kushoto ni mnene sana, na nafasi ya ndani ni finyu. Ukuta mnene unaozunguka nafasi finyu unaweza kuzalisha presha kubwa bila misuli kuelemewa. Gharama yake ni kwamba kila pigo linatoa damu kidogo kuliko ambavyo mngetegemea kwa mnyama wa ukubwa huo. Na ndama hazaliwi na ukuta huo ukiwa tayari. Unanenepa kadiri shingo inavyorefuka.

Kwa binadamu, moyo ukinenepa kwa sababu ya presha ya kupanda, tunaanza kuogopa. Misuli inakakamaa, inaingiwa na nyuzi ngumu, mwishowe moyo unashindwa kujaa vizuri. Twiga anaishi hivyo maisha yake yote na moyo wake haukakamai. Mwaka 2021 watafiti wa China na Denmark walichukua aina ya jeni inayoitwa FGFRL1 jinsi ilivyo kwa twiga, wakaipandikiza kwa panya, kisha wakawapa panya hao dawa ya kupandisha presha. Walipata madhara madogo ya moyo na figo kuliko panya wa kawaida. Hilo mgeni mwambieni, atalipenda. Msimwambie tu kwamba dawa imepatikana.

Sasa twiga anashuka kunywa maji. Mmeliona mara nyingi kuliko mimi: anakaribia, anasita, anatazama, anapanua miguu ya mbele kidogo kidogo au anakunja magoti, ndipo kichwa kinashuka. Ule upanuzi wa miguu una faida ambayo haitajwi. Unashusha kifua, na kifua kikishuka moyo umeshuka pia, kwa hiyo umbali kati yake na kichwa unapungua. Hata hivyo, kichwa sasa kiko chini ya moyo, na uzito wa damu yote ya shingoni unaelekea kwenye ubongo. Kwa nini mishipa haipasuki?

Hapo ndipo mnapoileta sponji. Ni kweli, chini ya ubongo wa twiga kuna wavu wa ateri ndogondogo ambao damu hupitia kabla ya kuingia kwenye ubongo. Lakini mbuzi anao. Kondoo anao, ng'ombe anao. Mbuzi hana shingo ya mita mbili. Kazi ya wavu huo inayojulikana vizuri kwa wanyama hawa ni kupoza damu inayokwenda kwenye ubongo, na kwenye nchi ya jua kama hii hiyo si kazi ndogo. Huenda kwa twiga unasaidia pia kutuliza mapigo ya presha. Kuufanya jibu zima ni kumwonea mbuzi.

Kilichoonekana kwenye vipimo ni cha kupendeza zaidi, kwa maoni yangu. Watafiti wa Denmark, Emil Brøndum na wenzake, walipima twiga waliolazwa kwa dawa, kazi iliyochapishwa mwaka 2009. Shingo ikiwa wima, zile vena kubwa za shingoni huwa zimenywea. Kichwa kikishushwa zinajaa, na humo hujikusanya zaidi ya lita moja ya damu. Hiyo ni damu ambayo haikurudi moyoni. Moyo ukipata kidogo unasukuma kidogo, na presha ya ateri inashuka wakati ule ule ambapo uzito wa damu unaongezeka kichwani. Vali zilizo ndani ya vena hizo nazo zinazuia damu inayotoka sehemu nyingine za mwili isirudi nyuma kuelekea kichwani. Akiinua kichwa, lita ile inateremka moyoni kwa mkupuo, moyo unajaa, unasukuma kwa nguvu, na presha inapanda pale pale inapohitajika. Hilo ndilo jibu la kizunguzungu.

Miguuni hali ni kinyume. Huko damu inashuka mita nyingine mbili, kwa hiyo presha ya mishipa iliyo karibu na kwato inapita hata ile ya moyoni. Mtu mwenye vena zilizolegea akisimama kutwa nzima, jioni miguu imevimba, kwa sababu maji ya plazma yamepenya kutoka kwenye kapilari. Mwaka 1987 Alan Hargens, mtafiti wa NASA, na wenzake walieleza kwa nini twiga havimbi. Ngozi na utando wa chini yake ni mgumu, umebana mguu kama soksi zile za hospitali wanazovaa wanaosafiri mbali kwa ndege. Maji hayana pa kwenda. Na kila hatua anayopiga, misuli inakamua vena, vali zinashika, damu inapanda. Ateri nazo, chini kidogo ya goti, zinapungua upana ghafla, presha isishuke yote mpaka kwatoni. Figo pia zina gamba gumu kuzidhibiti, zisielemewe wakati wa kuchuja.

Ngozi ile nimeishika kwa mikono yangu. Tunapoitwa kumtoa twiga waya wa mtego mguuni, unakuta waya umezama na nyama imevimba juu yake, lakini sehemu nyingine ya mguu ni kavu, imekaza, hutaweza kuikunja ngozi kwa vidole. Na kabla ya kufika hapo kuna dakika ambazo madaktari wa wanyamapori tunaziogopa kuliko za kifaru au tembo. Dawa ya usingizi inadhoofisha upumuaji na kuvuruga presha, na mnyama huyu anaishi kwa presha. Kwa hiyo twiga akianguka tu anachomwa dawa ya kuizimua, na kazi inafanyika akiwa macho, amefungwa kitambaa usoni na kuzibwa masikio, watu wamekalia shingo na kichwa. Bila kuirusha shingo hawezi kunyanyuka. Mkituona tumemkalia mnyama wa taifa hivyo, mwelezeni mgeni kwamba hatumtesi, na mgeuze gari.

Na pale kwenye maji, tafadhali. Akishapanua miguu, hawezi kunyanyuka haraka, na simba analijua hilo. Usiwashe injini, usisogee upate picha nzuri. Atakata kiu kwa zamu, anashuka, anapanda, anashuka tena. Muda wa kupiga picha upo.

Nimebakiwa na dakika chache. Nani ana swali?

Mama mmoja hapa mbele anauliza twiga anapolala inakuwaje. Mara nyingi akilala chini shingo hubaki imesimama, kwa hiyo presha haihitaji kubadilika sana. Usingizi mzito anaupata kwa vipindi vya dakika chache tu, shingo imekunjwa kurudi nyuma, kichwa kimewekwa juu ya kiuno au kando ya mguu. Hapo kichwa kiko karibu na usawa wa moyo, na moyo unapata nafuu. Kijana yule nyuma, endelea.